Wazee Wetu Walifuata Pembe. Sisi Twende Tukawatazame Ndovu

Neno "mtalii" likitajwa hapa pwani, kila mmoja wetu huona picha moja tu akilini mwake: Mzungu mwenye kaptura, kamera shingoni, ngozi imemwiva kwa jua, anateremka kwenye basi la hoteli. Sisi nasi tumo katika picha hiyo, lakini tumo pembeni. Mmoja hubeba mikoba, mwingine huendesha gari, mwingine huuza vinyago na leso, na mwingine hufagia chumba mgeni akisha kwenda zake. Utalii kwetu umekuwa ni kazi ya kumhudumia mwenye kutembea. Kutembea kwenyewe tumemwachia yeye.

Mimi naona jambo hili lina kasoro kubwa, na leo nataka nilisema waziwazi. Sisi watu wa pwani yatupasa tufunge safari tukaitazame nchi yetu kwa macho yetu wenyewe. Na nikiulizwa tuanzie wapi, sitataja Malindi wala Tsavo, ambako ni kama uani kwetu. Nitautaja Mlima Elgon, kule Kitale na Bungoma, mwisho wa nchi upande wa magharibi. Ninazo sababu kadha wa kadha, na iliyo kubwa ni kwamba mlima ule tuna deni nao.

Kabla ya kulieleza deni hilo, natutazame kwanza hao Wazungu wanavyofanya makwao. Katika milima ya Alpi, yaani Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia, iko miji midogo iliyojengwa kwa ajili ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Theluji inapoyeyuka wakati wa kiangazi ungedhani miji hiyo hufungwa, watu wakalala. La hasha! Vile vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya, ambavyo majira ya baridi huwapandisha wachezaji, kiangazi huwapandisha wazee, akina mama na watoto, wakashushwa juu mlimani ili watembee kwa miguu, wale chakula chao chini ya mwamba, na kuwatazama wanyama.

Miongoni mwa wanyama hao yumo mbuzi-mwitu mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, aitwaye ibeksi. Mbuzi huyu aliwindwa hata akakaribia kutoweka. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki kiasi cha 100 tu, katika milima ya Gran Paradiso huko Italia. Mwaka 1856 mfalme Victor Emmanuel wa Pili akaifanya sehemu hiyo kuwa mahali pake pa kuwindia, akaweka walinzi ili asiwinde mtu mwingine ila yeye. Mwaka 1922 mahali hapo pakafanywa hifadhi ya taifa. Kutokana na mabaki hayo machache, leo wako makumi ya maelfu katika Alpi nzima, na mjukuu wa yule aliyewapiga risasi hupanda mlima kwa jasho lake ili apate kuwaona kwa mbali tu. Watu wale waliharibu, kisha wakageuka. Hilo ndilo ninalotaka tulitie maanani.

Nyayo za wazee

Sasa tuje kwenye deni letu. Wako wanaodhani kwamba mtu wa pwani hakuwahi kuujua Mlima Elgon mpaka zilipokuja reli na basi. Historia haisemi hivyo. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilivuka nyika, ikapita nchi ya Wamasai, ikafika Wanga, mahali tunapopaita Mumias leo, kusini tu mwa Bungoma. Nabongo Mumia aliwapokea, na baadaye akasilimu. Ukifika Mumias hivi leo utaisikia adhana na utakutana na jamaa ambao Uislamu wao mizizi yake ni misafara hiyo. Ndugu hawa wengi wetu hatuwajui, ila wachache tunaokutana nao Lamu wakati wa Maulidi.

Joseph Thomson, yule Mskochi aliyeyaona mapango ya Elgon mwaka 1883 na kuyaandika, hakufika huko peke yake. Alitoka Mombasa na wapagazi wake, na sehemu kubwa ya njia ya nchi ya Wamasai aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara mashuhuri wa Pangani. Mwaka 1890 Frederick Jackson na Ernest Gedge walipoupanda mlima huo na kukivuka kilele chake, msafara wao nao ulikuwa umetoka Mombasa. Vitabu vinawataja Wazungu hao wawili. Waliobeba mahema, unga na risasi majina yao hayakuandikwa, walakini hapana shaka miongoni mwao walikuwamo babu wa baadhi yetu tunaosoma gazeti hili.

Je, wazee hao walifuata nini huko? Walifuata pembe. Pembe za ndovu zilishuka kwa mabega ya watu mpaka pwani, zikavushwa Unguja, na kutoka huko zikaenda Bombay, London na Marekani, zikafanywa bangili, mipira ya biliadi na vibao vya kinanda. Wala hazikuwa pembe tu. Binadamu nao walichukuliwa. Tukijisifu kwa majumba ya mawe na milango ya nakshi yatupasa tukumbuke pia kwamba sehemu ya mali iliyoyajenga ilitoka katika misitu ile, na mwenye kuitoa hakuulizwa.

Simlaumu maiti. Wazee waliishi kwa desturi za zama zao, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lakini mrithi hurithi mali pamoja na madeni. Kama wao walitembea mwezi baada ya mwezi kwa miguu ili kumwua ndovu, sisi tunashindwaje kukaa ndani ya basi usiku mmoja na mchana wake ili kumtazama aliyebaki?

Mlima wenyewe

Nimekwenda mara mbili, nami nitasema niliyoyaona. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka Nairobi mpaka Kitale ni nyingine kiasi cha 380. Kitale ni mji wa mahindi, uko juu takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Januari mtu wa Mombasa hutafuta sweta ya pili. Kutoka hapo unakwenda Endebess, kisha lango la Chorlim, ambalo ndilo mlango mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1968, na ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 169. Anayependa kuuona mlima kwa upande wa Bungoma hupitia Kimilili akapanda mpaka Kapsokwony.

Wabukusu huuita mlima huu Masaba. Ni volkeno ya kale iliyozimika, na juu yake liko bonde la mviringo lenye upana wa kiasi cha kilomita 8, mahali ulipokuwa mdomo wa moto. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita katikati. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko Uganda. Kwetu kuna vilele kama Koitobos ambavyo navyo vimepita mita 4,000. Chini ni msitu wa miti mikubwa ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Juu yake mianzi. Juu ya mianzi ni nyasi na vichaka. Na juu kabisa ni mimea ya ajabu, minene kama nguzo na mirefu kumpita mtu, ambayo usiku hukunja majani yake kuukinga moyo wake na baridi, mfano wa mama anayemfunika mtoto kwa leso. Huko juu usiku maji huganda. Na maji yanayotoka mlimani ndiyo yanayotia mito kama Malakisi, Suam na Nzoia. Mahindi ya Kitale na miwa ya Bungoma uhai wake uko hapo.

Wanyama wapo. Mbega weusi wenye joho jeupe huruka mti hata mti. Wapo kima, kuro, mbawala, nyati, na chui ambaye huachi kumwogopa ingawa humwoni. Kwa ajili ya nyati hao mtu hatembei ovyo. Hupanda pamoja na askari wa mbuga mwenye bunduki.

Lakini fahari ya Elgon ni mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na mengineyo. Kitum limeingia mlimani kiasi cha mita 200. Thomson alipoyaona mapango haya, na ndani yake watu na ng'ombe wao wakiishi, alidhani yalichimbwa na mikono ya watu wa kale. Lakini waliosaidia sana kuyachimba, kwa muda mrefu mno, ni ndovu. Mvua ya mlima ni nyingi, huosha chumvi ardhini na katika majani, na mnyama mkubwa hawezi kuishi bila chumvi. Chumvi imo ndani ya mwamba. Basi ndovu huingia usiku, mmoja nyuma ya mwingine, mama na mwana, katika giza totoro, wakipapasa njia kwa mikonga. Wakifika ndani huchoma ukuta kwa pembe, wakabandua vipande vya jiwe, wakavitafuna. Alama za pembe zimejaa kutani. Nilipozimulikia tochi nilikumbuka milango ya Lamu, maana ni mistari iliyochimbwa kama kwa patasi. Pembe ile ile iliyouzwa Unguja, kumbe kwa mwenyewe ilikuwa chombo cha kazi cha kupatia riziki.

Ndovu wenyewe sikuwaona. Niliona samadi na nyayo, na nyayo moja ilikuwa na maji ya mvua ya jana yake. Askari tuliyekuwa naye alisema ndovu wa Elgon hawapendi kuonekana, na sababu yake yajulikana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini majangili hawakusoma tangazo hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980 waliwamaliza ndovu wa mlima huu wakabaki wachache, na mapango yaliyowapa chumvi yakawa mahali pa kuwaviziia. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuizuia biashara hiyo. Ndovu huishi miaka hata 60. Huenda mzee wa kundi linalojificha leo alikuwa mtoto siku ile mama yake alipouawa. Mnyama wa namna hiyo ana haki ya kutushuku.

Kwa mwenye haraka ya kuona, ipo Saiwa, karibu na Kitale ukielekea Kapenguria. Ni hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, kiasi cha kilomita 3 za mraba tu, iliyofanywa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame matopeni. Huko gari haliingii. Kila mtu, awe tajiri au maskini, hutembea kwa miguu juu ya vibao vilivyotandikwa kinamasini, kisha hupanda ulingo mtini akakaa kimya. Ndipo utakapojua kwamba kutazama ni kazi, na kwamba subira ina malipo yake. Yupo pia kima mwenye ndevu nyeupe ambaye wenyeji wamembandika jina la karasinga, na sina haja ya kumweleza mtu wa Mombasa kwa nini.

Visingizio vyetu

Najua nitakayoambiwa. La kwanza ni pesa. Nakubali, pesa hakuna. Lakini sisi ndio tunaochanga mpaka jasho litutoke kwa ajili ya harusi ya siku saba, tukakodi vyombo, tukashona sare. Na mwenyeji kiingilio chake katika mbuga ni kidogo mno kuliko cha mgeni wa ng'ambo. Watu 30 wakichanga kidogo kidogo mwaka mzima, basi la kwenda Kitale halitawashinda.

La pili ni baridi. Baridi ina dawa yake, nayo ni sweta, soksi na chai ya tangawizi. Aendaye kati ya Desemba na Februari huikwepa mvua na matope.

La tatu ni dini. Wengine husema mambo haya ni ya Kizungu, ati Mwislamu afuate nini mwituni. Mimi nauliza: ni wapi tumekatazwa kutembea katika ardhi na kuutafakari uumbaji? Kinyume chake tumehimizwa. Kitale kuna misikiti na Bungoma kuna misikiti. Msafiri amepewa ruhusa yake katika sala, na kibla cha Elgon hakitofautiani sana na cha Mombasa. Ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Maji ya kutawadha ni baridi, kweli, lakini ni safi kuliko ya mifereji yetu.

La nne ni hofu, na hili silidharau. Upande wa Mlima Elgon wa Bungoma ulipata vita vibaya vya ardhi kati ya 2006 na 2008, watu wengi wakauawa. Yafaa kuuliza habari za njia kabla ya kuondoka, kama afanyavyo kila msafiri mwenye akili. Tena katika mapango mna popo wengi, na wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua homa ya Marburg wakafariki baada ya kuzuru Kitum. Basi usimguse popo wala kinyesi chake, na ukitosheka na mlangoni pa pango, umeona ya kutosha. Tahadhari si woga.

Mlima una wenyewe

Liko jambo jingine ambalo mtalii wa Kizungu aghalabu haambiwi, lakini sisi wa pwani tutalielewa upesi kuliko yeyote. Mlima ule una wenyewe. Waogiek wa Chepkitale, upande wa Bungoma, waliishi huko juu na ng'ombe wao na mizinga yao ya nyuki tangu zamani. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, nao wakahesabiwa wavamizi na kufukuzwa mara kwa mara. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2022 mahakama ya ardhi mjini Bungoma ikaamua kwamba kuigeuza Chepkitale kuwa hifadhi kulikuwa kinyume cha sheria.

Nani kati yetu hajui maana ya kuishi mahali toka enzi za babu, kisha ukaonyeshwa karatasi yenye jina la mtu mwingine? Kwa hivyo anayekwenda Elgon asiende kama mtu anayepita dukani. Aketi na wenyeji, amchukue kijana wao amwongoze njia, anunue asali yao kwa bei ya haki, awaulize habari za mlima wao na awasikilize. Wazungu wa Alpi wametufundisha kwamba mnyama akilindwa hurudi. Wenyeji wa Elgon wanaweza kutufundisha kwamba mnyama huweza kulindwa bila ya binadamu kutupwa nje.

Alhasili, nina shauri. Kila mwaka watu wa bara, wakiwamo wa kutoka Mumias, hupanda basi usiku na mchana mpaka Lamu kwa Maulidi, wakalala kwenye mikeka, wakala pamoja nasi. Ziara hiyo hatujailipa. Skuli zetu, madrasa zetu na vyama vya akina mama na vianze kuilipa. Likizo ya Desemba ni ndefu. Badala ya watoto kushinda barazani, wapelekwe wakaone nzohe wa Saiwa, wakatie vidole katika alama za pembe zilizo mlangoni pa pango la Elgon, na wakirudi wapitie Mumias wawasalimu jamaa.

Watoto hao wakikua, siku ataposimama mtu kuuliza msitu ule ukatwe au uachwe, watakuwa na neno la kusema, kwa sababu watakuwa wameuona. Asiyewahi kukiona kitu hakililii kikipotea. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Elgon haitakuja Mombasa kutudai. Ni sisi wa kwenda, na safari hii twende mikono mitupu na turudi mikono mitupu.